Mashine zinazotania wasikilizaji wa muziki: Faida inakwenda kwa nani?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

KILA mwaka unapokaribia kwisha, mwenye duka wa Morogoro hufunga vitabu vyake: mali iliyobaki rafuni, madeni ya wateja, pango la chumba na kodi ya Serikali. Katika miaka ya karibuni kipo kitabu kingine kinachofungwa wakati huo huo bila yeye kushika kalamu. Ni kitabu cha nyimbo alizosikiliza kwenye simu. Kampuni za muziki wa mtandaoni humhesabia wimbo kwa wimbo, kisha mapema Desemba humletea jumla yake ikiwa imepambwa kwa rangi ili aionyeshe kwa marafiki.

Hapo ndipo wanapoingia wachekeshaji. Zipo programu za kompyuta ambazo kazi yake ni kufungua kitabu hicho na kumcheka mwenye nacho. Humwambia kwamba nyimbo zake ni za kizee, au za mtu aliyeachwa na mchumba, au za mtu anayerudia wimbo mmoja mpaka majirani wakaomba msamaha. Watu wazima wenye akili zao huingia humo kwa hiari, husomewa hukumu, hucheka, kisha huibandika hukumu hiyo kwenye stetasi ya simu ili wengine nao wawacheke.

Kwa mtu wa Uluguru jambo hilo si geni. Waluguru ni watu wa utani, na mtani ana ruhusa ya kukuambia mbele ya watu jambo ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu kulisema. Lakini ukurasa huu ni wa biashara, na biashara huuliza maswali yake. Utani huu wa mashine malighafi yake ni nini? Nani anauza na nani ananunua? Na msikilizaji wa mji kasoro bahari anabaki na nini mkononi baada ya kicheko kwisha?

BIDHAA YENYEWE

Iliyopata jina kuliko zote ilitolewa Desemba 2020 na The Pudding, jarida la mtandaoni la Marekani, kazi ya Mike Lacher na Matt Daniels. Msikilizaji alifungua akaunti yake ya Spotify mbele ya programu hiyo, nayo ikajifanya akili mnemba yenye ladha ya hali ya juu. Ilipitia nyimbo zake, ikashangaa, ikamuuliza kama kweli anasikiliza vitu vile kwa dhati, kisha ikamsomea hukumu. Ilikuwa dhihaka kwa pande mbili: ilimcheka msikilizaji, na ilimcheka pia yule mjuaji wa muziki anayedhani ladha yake ndiyo sheria.

Inafaa kukumbuka kwamba Spotify yenyewe ilifunguliwa rasmi Tanzania Februari 2021, pamoja na Kenya, Uganda na masoko mengine mengi. Kwa hiyo hapa kwetu hakimu alitangulia, mahakama ikafuata miezi miwili baadaye.

Nyingine ni Receiptify, ambayo mfanyabiashara yeyote ataielewa mara moja. Hiyo huchukua nyimbo unazozirudia zaidi na kuzipanga kama risiti ya dukani, kila wimbo kwenye mstari wake, na mahali pa bei huwekwa urefu wa wimbo kwa dakika na sekunde. Pengine ndiyo risiti pekee ambayo wananchi huitoa kwa furaha bila kukumbushwa na TRA.

Spotify wenyewe hawakuachia wengine uwanja. Muhtasari wao wa mwaka unaoitwa Wrapped ulianza kwa jina hilo mwaka 2016, na kadiri miaka ilivyopita umeongezewa utani. Mwaka 2023 ulimpangia kila msikilizaji mji unaofanana naye kwa muziki, na watu wengi wa mataifa mbalimbali wakajikuta wamepelekwa Burlington, mji mdogo wa jimbo la Vermont, Marekani. Mwaka 2025 ukaja na kile kilichoitwa umri wa usikilizaji, na vijana wa miaka ishirini na kitu wakaambiwa kwamba kwa muziki wao ni wazee wa miaka sabini. Walicheka, wakalalamika, wakatuma picha. Katika kutuma picha ndipo kampuni ilipopata tangazo ambalo halikulilipia hata senti.

Mfanyabiashara azingatie hapo. Tangazo la redio hulipiwa kwa sekunde, na bango la barabarani hulipiwa kwa mwezi. Hili la Desemba husambazwa na wateja wenyewe, kwa bando lao wenyewe, na kila anayeliona anajiona amebaki nyuma kama naye hana lake.

MALIGHAFI

Malighafi ya utani huu ni kumbukumbu za usikilizaji. Unapoiruhusu programu ya nje iingie kwenye akaunti yako, huwa hupewi fomu ndefu ya kujaza. Unabonyeza mahali pa kukubali, na mlango unafunguka. Kupitia mlango huo programu husoma nyimbo na wasanii uliowapenda zaidi katika vipindi vitatu: takriban wiki nne zilizopita, takriban miezi sita, na takriban mwaka mzima.

Pamoja na majina hayo, kwa miaka mingi programu hizo zimesoma alama ya umaarufu ambayo Spotify humpa kila msanii na kila wimbo, kuanzia sifuri hadi 100. Alama hiyo hutegemea zaidi wimbo umepigwa mara ngapi na kwa siku za karibuni kiasi gani. Mzaha mwingi hujengwa hapo. Wenye alama za juu huambiwa wanafuata mkumbo, na wenye alama za chini huambiwa wanajifanya wajuaji.

Kumbukumbu za namna hii zina bei, na bei hiyo imekwisha kuonekana sokoni. Mwaka 2007 kampuni ya CBS ya Marekani iliinunua Last.fm ya London kwa dola milioni 280. Last.fm haikuwa na kiwanda wala ghala. Utajiri wake mkubwa ulikuwa daftari la watu waliokubali kila wimbo wanaousikiliza uandikwe. Kwa hiyo kinachochekwa na programu hizi ni kile kile ambacho wenye mitaji hukinunua kwa mamilioni.

MITA IKO WAPI?

Sasa tuje Morogoro. Kuna tofauti kubwa kati ya muziki unaosikilizwa katika mkoa huu na muziki unaoandikwa kwenye daftari la kampuni.

Mkulima wa Nyandira au Langali, upande wa Mgeta, anayeandaa kabichi na viazi vya kushusha mjini, mara nyingi ana redio ndogo yenye nafasi ya flashi. Nyimbo zilizomo aliwekewa na kijana mwenye kompyuta kibandani, kwa malipo madogo, na zitapigwa msimu mzima bila kugusa mtandao. Bodaboda anayepanda na kushuka na mizigo ya ndizi za Kinole na Matombo ana spika yake. Basi linaloingia Msamvu lina muziki wa dereva. Baa ina muziki wa mwenye baa. Katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, wimbo mmoja unaotoka kwenye spika moja husikiwa na wauzaji na wanunuzi wa safu nzima. Hata kama umetoka kwenye akaunti ya mtandaoni, umeandikwa mara moja tu, kwa jina la mwenye simu.

Na milima nayo ina neno lake. Kilele cha Bondwa, kinachoutazama mji, kina minara ya mawasiliano. Lakini mabonde yaliyo nyuma ya matuta hukingwa, na simu iliyokuwa na mtandao mjini huupoteza njiani. Muziki wa huko lazima uwe umehifadhiwa kabla ya safari, na wimbo wa flashi hauna habari na Stockholm.

Watu wa Morogoro wanaielewa hali hii kwa mfano wa maji. Chemchemi za Uluguru huulisha mto Ruvu, na Ruvu hulinywesha jiji la Dar es Salaam. Maji hayo huanza kuwa fedha pale yanapopita kwenye mita. Mlimani, kwenye chanzo, hayana ankara. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu mpango katika eneo la Kibungo, ambapo watumiaji wakubwa wa maji walichangia malipo kwa wakulima wanaotunza ardhi ya vyanzo. Fundisho lilikuwa wazi. Mwenye chanzo hapati kitu mpaka mwenye mita akubali kumhesabu.

Muziki uko hivyo hivyo. Morogoro ni chanzo kikongwe. Hapa ndipo alipokuwa Salum Abdallah na Cuban Marimba, hadi kifo chake mwaka 1965. Hapa ndipo ilipokuwa Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, ambayo Mbaraka Mwinshehe alipiga nayo gitaa na kwenda nayo hadi kwenye maonyesho ya Expo 70 huko Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga na kuunda Super Volcano, na Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa. Baada ya bendi wakaja vijana wa bongo fleva na hip hop: Afande Sele, Belle 9, Stamina. Mji huu haujawahi kukosa bidhaa ya muziki ya kupeleka nje.

Chukua basi mfano wa kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa Mzumbe au SUA, ambaye amerithi kwa baba yake mapenzi ya Super Volcano. Hesabu ya umri wa usikilizaji ya mwaka 2025 ilijengwa juu ya dhana kwamba mtu huupenda zaidi muziki uliotoka akiwa na umri wa miaka 16 hadi 21. Wimbo wa mwaka 1974 unamfanya msikilizaji awe amezaliwa kati ya 1953 na 1958. Mwaka 2025 kijana wetu atakuwa mzee wa miaka 67 hadi 72. Hapo ni pa kucheka.

Lakini kuna jambo la pili ambalo si la kucheka. Santuri za zamani zinapoingizwa mtandaoni, mara nyingine huandikwa mwaka wa kutolewa upya badala ya mwaka wa kurekodiwa. Wimbo wa 1974 ukiandikwa 2004, mashine itamhesabu shabiki wa Mbaraka kuwa mtu aliyezaliwa miaka ya themanini. Hali kadhalika, jina la bendi moja likiandikwa kwa namna tatu, mashine huona bendi tatu ndogo. Alama ya umaarufu hugawanyika, na mwanamuziki anayejulikana na kila mzee wa Kichangani huonekana kama mtu asiyejulikana.

Muuza nafaka anajua kwamba mzani ukiwa mbovu, tatizo haliishii kwenye namba. Mzani huo ndio unaoamua nani alipwe.

FEDHA ZINAVYOGAWANYWA

Wengi hudhani kila wimbo ukipigwa kuna senti maalum inayokwenda kwa msanii. Sivyo ilivyo. Katika Spotify mapato ya nchi huwekwa kwenye kapu, na sehemu ya wenye haki, ambayo kwa jumla ni takriban theluthi mbili ya mapato ya muziki, hugawanywa kwa uwiano wa mara ambazo nyimbo zao zimepigwa.

Tuchukue namba za kubuni ili hesabu ionekane. Kapu lina Sh. 1,000,000 na nyimbo zote zimepigwa mara 1,000,000. Nyimbo zako zimepigwa mara 1,000. Fungu lako ni Sh. 1,000, na hapo bado hujagawana na kampuni iliyorekodi, mtunzi na wakala. Kama nyimbo zako zimepigwa mara nyingine 50,000 kwenye flashi, mabasi na baa za Morogoro, kapu hilo halina habari nazo.

Kuna na masharti. Wimbo hauhesabiki kuwa umepigwa mpaka ufikishe sekunde 30. Na tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizwi kwenye mgao wa mirabaha ya kurekodi. Kwa msanii mkubwa hilo si kitu. Kwa bendi ya zamani ambayo majina yake yametawanyika kama tulivyoeleza, sharti hilo linaweza kuwa tofauti ya kupata kidogo na kukosa kabisa.

Kampuni yenyewe haina shida. Spotify iliingia Soko la Hisa la New York tarehe 3 Aprili 2018 bila kuuza hisa mpya. Bei ya rejea ilikuwa dola 132, na siku hiyo ilifunga kwa dola 149.01. Ilipita miaka mingi ya hasara, na mwaka 2024 ndio uliokuwa wa kwanza kufungwa kwa faida ya mwaka mzima, zaidi ya euro bilioni moja. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa na watumiaji milioni 675 kwa mwezi, kati yao milioni 263 wakiwa wanaolipa. Mwaka huo huo ilitangaza kulipa dola bilioni 10 kwa sekta ya muziki duniani.

Kwa upande wa Afrika, Mdundo, iliyoanzia Kenya mwaka 2013, ilichagua njia nyingine. Iliruhusu watu kupakua nyimbo bure, matangazo ya biashara yakiwa ndani yake, jambo linalomfaa mtu mwenye bando dogo. Septemba 2020 iliorodheshwa katika soko la kampuni changa la Nasdaq huko Copenhagen. Boomplay nayo ilianzia Nigeria mwaka 2015 ikiwa imewekwa tayari ndani ya simu za Tecno na ndugu zake, kwa hiyo mnunuzi wa simu Morogoro aliipata programu kabla hajaijua.

Mwekezaji mdogo wa hapa asisahau mtu mwingine anayelipwa kabla ya wote: muuza bando. Hesabu yake ni nyepesi. Muziki wa ubora wa kawaida, kilobiti 96 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 43 kwa saa. Ukipandisha ubora hadi kilobiti 160, ni megabaiti 72. Ukishusha hadi kilobiti 24, ni megabaiti 11 tu. Mwenye duka anayepiga muziki wa kawaida saa nane kwa siku anatumia karibu megabaiti 345 kila siku, sawa na takriban gigabaiti 9 kwa siku 26 za kazi. Msanii hulipwa kwa uwiano, tena baada ya miezi. Bando hulipwa taslimu, kabla wimbo haujaanza. Vodacom Tanzania iliyouza hisa zake kwa Sh. 850 na kuorodheshwa Dar es Salaam Agosti 2017 iko katika biashara hiyo ya kuuza njia. Kuitaja hapa hakumaanishi kwamba hisa hiyo ni nzuri au mbaya. Kunaonyesha tu mahali ambapo fedha hupita kwanza.

KIBANDA KWENYE BARAZA LA MWENZIO

Je, wale wachekeshaji wanapata nini? Mara nyingi wanapata sifa, wageni wengi kwa wiki mbili, na pengine kazi nzuri baadaye. Biashara ya kudumu ni ngumu, na sababu yake inajulikana na kila mwenye kibanda. Aliyejenga kwenye baraza la mwenzio hana usalama wa kesho.

Tarehe 27 Novemba 2024 Spotify ilitangaza kwamba programu mpya hazitaruhusiwa tena kuchota baadhi ya taarifa zake, zikiwemo vipimo vya sauti za nyimbo, mapendekezo na orodha ya wasanii wanaofanana. Mwaka 2025 ikaweka sharti zito zaidi. Kuanzia katikati ya Mei mwaka huo, anayetaka ruhusa pana ya kutumia taarifa hizo sharti awe kampuni iliyosajiliwa yenye watumiaji wasiopungua 250,000 kwa mwezi. Kijana anayeanza na watumiaji kumi hawezi kufika 250,000 bila ruhusa, na ruhusa haipati mpaka awe nao. Ni kama kumwambia machinga aonyeshe hesabu za supamaketi ndipo apewe meza.

Wakati huo huo, utani wenyewe umehamia ndani ya kampuni. Mji wa 2023 na umri wa 2025 ni mizaha iliyobuniwa na mwenye nyumba. Aliona wapangaji wake wanavuta wateja kwa vichekesho, naye akafungua duka la vichekesho sebuleni.

UTANI WENYE DENI

Turudi kwenye utani wa Waluguru, kwa sababu ndani yake kuna kanuni ya biashara ambayo mashine haina. Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, James Christensen, aliandika katika jarida la American Anthropologist kuhusu utani wa Uluguru, na kichwa cha makala yake kilitaja mizaha pamoja na wajibu wa kijamii. Hakukosea kuviweka pamoja. Mtani anayekucheka leo ndiye atakayekuwa mbele msibani kwako. Atashika jembe, atafanya kazi ambazo wafiwa hawawezi kuzifanya, na atawachekesha waliolemewa na majonzi. Anaweza kushika kitu cha nyumbani akidai akombolewe kwa fedha kidogo, na wote wanajua kwamba anadai kwa haki. Ruhusa ya kucheka ameilipia kwa wajibu, na anayechekwa leo naye ana zamu yake ya kucheka kesho.

Mashine hucheka bila zamu. Inajua kwamba ulirudia wimbo mmoja wa huzuni mara arobaini mwezi wa Machi, lakini haijui kwamba Machi ulifiwa, na haitakuja matanga. Nawe huna daftari lake la kulifungua umcheke. Hapa ndipo penye jambo zito chini ya kicheko: upande mmoja umetoa taarifa, upande wa pili haujatoa kitu ila maneno ya kuchekesha.

Sheria imejaribu kuweka wajibu pale ambapo mila haifiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023, na tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze anazikusanya kwa kazi gani, asizitumie kwa kazi nyingine, na azitunze. Taarifa za nyimbo zinaweza kuonekana jambo dogo. Lakini anayejua unasikiliza nini saa kumi na moja alfajiri anajua saa unayoamka. Anayejua kaswida, kwaya au mahubiri unayosikiliza anajua dini yako. Hayo si mambo ya kumkabidhi mtu usiyemjua kwa ajili ya kicheko cha dakika tatu.

Kwa upande wa mirabaha, Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inautambua muziki unaopigwa hadharani kuwa ni matumizi ya mali ya mtu. Baa, hoteli na basi zimo. Januari 2022 COSOTA iligawa kwa wasanii mirabaha ya zaidi ya Sh. milioni 300. Ni mwanzo. Mita ya namna hiyo, inayohesabu kituo cha redio na ukumbi wa mtaani, ina maana kubwa zaidi kwa mji kama Morogoro kuliko alama yoyote ya umaarufu, kwa sababu ndiyo inayoweza kuufikia muziki ambao Stockholm haiusikii.

LA KUFANYA

Kwanza, msikilizaji anayetaka kuchekwa achekwe, ni haki yake. Lakini kabla ya kukubali asome programu inaomba kuona nini. Ikiomba kusoma nyimbo unazozipenda, inaeleweka. Ikiomba kubadilisha orodha zako au kuona anwani yako ya barua pepe, iulize ya nini. Ukishacheka, ingia kwenye akaunti yako, fungua orodha ya programu ulizoziruhusu na uiondoe.

Pili, mwenye duka anayepiga muziki kutwa ahesabu bando kama anavyohesabu umeme. Kushusha ubora kutoka kilobiti 160 hadi 96 kunapunguza matumizi kwa asilimia 40, na kwenye spika ya dukani yenye kelele za barabara wateja wengi hawataona tofauti. Akumbuke pia kwamba muziki wa dukani unaingia katika akaunti yake. Desemba asishangae kuambiwa kwamba yeye ndiye shabiki mkubwa wa nyimbo alizozichagua kijana wa kaunta.

Tatu, msanii wa Morogoro, na hasa familia zenye haki za nyimbo za zamani, wakague jinsi kazi zao zilivyoandikwa mtandaoni: jina moja kwa namna moja, mwaka wa kurekodiwa, jina la mtunzi. Kazi hiyo haina gharama kubwa. Bila hiyo, nyimbo zinaweza kupigwa na mirabaha ikapotelea njiani.

Nne, vijana wa vyuo vyetu wanaojua kompyuta wanaweza kutengeneza mtani wa Kiswahili, anayejua kwamba mtu anayesikiliza Salum Abdallah saa nne usiku si mshamba, ila pengine anasubiri simu kutoka Turiani. Soko la kicheko hicho lipo. Lakini wasijenge kwenye baraza moja. Watafute taarifa ambazo msikilizaji anawapa mwenyewe kwa mkono wake, waandike mizaha yao wenyewe, wafuate sheria ya taarifa binafsi tangu siku ya kwanza, na wajue mapema nani atawalipa.

Mwisho, kwa mwekezaji mdogo. Kitu kinachochekesha taifa zima kwa wiki moja si lazima kiwe biashara. Kabla ya kutoa fedha yako uliza maswali matatu tu: mita ni ya nani, mlango ni wa nani, na mwenye mlango akiufunga kesho, nini kitabaki? Kikibaki kicheko peke yake, cheka na uweke fedha yako mfukoni.